Jina halikumpa Bruce Dickinson leseni ya urubani

Kila anapotajwa Bruce Dickinson, mwimbaji wa Iron Maiden, bendi ya hevi metali ya Uingereza, watu huanza kuhesabu. Ni mwimbaji, ni rubani wa ndege za abiria, amecheza vitara hadi ngazi za juu za taifa lake, ameandika riwaya, ameshiriki kuandika filamu, ametangaza redioni, ana bia yake, amefungua karakana ya ndege. Msikilizaji anashangaa, anasema huyu si mtu wa kawaida, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi orodha hiyo inaniudhi. Yote yaliyomo ni kweli, lakini inapanga mambo hayo kana kwamba yana uzito mmoja, na inaficha kitu ambacho kwangu ndicho kinachofanya maisha ya huyu bwana yastahili kuandikwa.

Yapo mambo aliyoyafanya ambako jina lake lilimfungulia mlango kabla hajabisha. Na yapo mengine ambako jina hilo halikuwa na kazi yoyote: alipanga foleni, akafanya mtihani, akapigwa, akarudi tena. Ninavyoona mimi, karibu yote ya maana aliyotuachia nje ya muziki yametoka kwenye kundi hilo la pili. Nitakwenda mbali zaidi: hata uimbaji wake ulipona kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda ambako hakuna aliyemshangilia.

Tuanze na sauti, maana bila sauti hakuna Dickinson wa kuzungumziwa. Alizaliwa mwaka 1958 Worksop, mji wa wachimba makaa ya mawe huko Uingereza, akalelewa kwanza na babu na bibi yake. Akapelekwa shule ya bweni ya Oundle, ambako alifukuzwa. Akasoma historia katika chuo cha Queen Mary, London, huku akiimba kwenye bendi ndogo ndogo, hadi akafika Samson, bendi ambako alijiita Bruce Bruce. Mwaka 1981 Iron Maiden wakamchukua nafasi ya Paul Di'Anno. Mkataba wake wa zamani ulikuwa na matatizo ya kisheria kiasi kwamba kwenye albamu ya kwanza aliyoimba na Maiden, ile ya mwaka 1982, jina lake halikuweza kuandikwa miongoni mwa watunzi. Albamu hiyo ikafika namba moja Uingereza.

Kuna kisa kimoja cha studio wakati wa kurekodi albamu hiyo ambacho wapenzi wa hevi metali wanakijua vizuri, na mimi sichoki kukirudia. Wimbo uliobeba jina la albamu unaanza kwa mistari michache tu, inayoimbwa chini chini, karibu kama mtu anayenong'ona. Dickinson alitaka aipite haraka afike kwenye sehemu ya kupaza sauti. Mtayarishaji wao, Martin Birch, alimkatalia. Akamrudisha kwenye mistari ileile mara ya pili, ya tatu, ya kumi, saa baada ya saa, mpaka kijana wa watu akapandwa na hasira na kuanza kurusha viti. Baada ya hapo ndipo ukatoka ule ukelele mrefu ambao dunia nzima inaujua. Watu husikia ukelele wakadhani ndio kipaji. Mimi nasikia mistari ile ya kwanza, iliyotulia, na nasikia mtu aliyelazimishwa kuwa mwanafunzi akiwa tayari anajiona ameshahitimu.

Halafu mafanikio yakaja, na yakaja kwa fujo. Ziara ya mwaka 1984 na 1985 ilianzia Poland ikaishia California, karibu miezi 11 yenye maonyesho zaidi ya 180. Fikiria koo la mtu anayeimba juu kabisa ya uwezo wa sauti ya kiume, usiku baada ya usiku, anapanda basi, analala, anaamka mji mwingine. Alimaliza ziara ile amechoka kabisa, mwili na akili. Walipokutana kuandaa albamu iliyofuata alikuja na nyimbo za gitaa lisilo la umeme, tulivu, za mkondo mwingine kabisa. Wenzake wakazikataa. Albamu ya mwaka 1986 haina hata wimbo mmoja alioutunga yeye. Sisemi walikosea, nyimbo hizo sijazisikia. Ninachosema ni kwamba mtu wa namna hii, akiwa hana kingine cha kumshika, ndiye anayeishia kwenye pombe na unga, na historia ya muziki wa roki ina makaburi mengi ya aina hiyo.

Yeye alikuwa na vitara.

Mchezo wa vitara aliuanza shuleni na akaurudia kwa nguvu katika miaka hiyohiyo ya ziara. Ni mchezo wa watu wawili wenye panga nyembamba na barakoa za waya usoni, kila mmoja ameunganishwa na waya wa umeme, na ncha ikigusa shabaha taa inawaka. Dickinson alicheza foili, aina ambayo shabaha ni kiwiliwili tu, na ambayo ina kanuni ngumu kuhusu nani alikuwa na haki ya kushambulia. Taa zenu zote mbili zinaweza kuwaka na pointi ikaenda kwa mmoja. Ni mchezo wa akili unaochezwa kwa kasi ya mkono. Na usoni mna barakoa! Mpinzani wako haoni nywele zako wala hajali ulijaza ukumbi gani juzi. Dickinson alifika nafasi ya 7 kitaifa Uingereza katika foili ya wanaume. Katika mchezo unaochezwa na watu waliofundishwa tangu utotoni, hiyo si nafasi ya kupewa kwa heshima ya ugeni.

Sasa linganisha na riwaya. Mwaka 1990 alitoa kitabu cha vichekesho vichafu vichafu kuhusu bwanyenye mmoja wa Kiingereza, na miaka miwili baadaye akatoa mwendelezo wake. Viliuzwa, kwa sababu mashabiki wa Maiden hununua chochote. Sidhani kama mhariri yeyote angevichapisha kama vingeletwa na karani wa posta. Filamu aliyoshiriki kuiandika, iliyotoka mwaka 2008, naiweka palepale: wazo zuri, mikono iliyolegea. Hakukuwa na Martin Birch wa kumwambia arudi mwanzo. Nampenda sana huyu mtu, na kwa sababu nampenda siwezi kuvisifia vitabu vile.

Mwaka 1993 aliiacha Iron Maiden. Wengi walimwita mwendawazimu, na kwa hesabu ya pesa walikuwa na hoja. Akaenda kucheza kumbi ndogo na vijana wasiojulikana. Na hapo ndipo likatokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko albamu zake zote za peke yake.

Desemba 1994 mji wa Sarajevo ulikuwa umezingirwa. Majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalikuwa milimani, wadunguaji wakipiga raia wanaovuka barabara kutafuta maji. Dickinson na bendi yake walialikwa kuimba. Walitegemea kusafirishwa kwa helikopta za Umoja wa Mataifa. Mpango huo ukavunjika. Wangeweza kurudi nyumbani na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walipanda nyuma ya lori la shirika dogo la misaada na kuvuka mlima Igman usiku, kwenye njia iliyokuwa ikipigwa mizinga, wakaingia mjini na kuimba. Vijana waliohudhuria walikuja kwa miguu wakijua wanaweza kufia njiani. Baadaye ilitengenezwa filamu ya kumbukumbu kuhusu usiku ule, na wanaozungumza zaidi humo ni watu wa Sarajevo wenyewe. Mwaka 2019 mji huo ulimpa uraia wa heshima. Kama angebaki kwenye Maiden, na mameneja wake na bima zake na ratiba iliyopangwa miaka miwili mbele, sioni ni kwa njia gani angefika pale.

Tuje kwenye ndege, maana hapa ndipo hoja yangu inaposimama kwa miguu miwili. Mpiga dramu wa Maiden wa wakati huo, Nicko McBrain, alijifunza kurusha ndege kabla yake. Dickinson akafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Florida, kwa ndege ndogo ya kujifunzia. Mastaa wengi huishia hapo: wana leseni ya binafsi, wana kandege kao, wanapigwa picha wamevaa miwani. Yeye aliendelea hadi leseni ya biashara, akaajiriwa na shirika la ndege, akaanza kiti cha kulia kama rubani msaidizi, kisha akawa kapteni wa Boeing 757 katika shirika la Astraeus. Alikuwa mwajiriwa. Alikuwa na ratiba ya zamu. Alirusha ndege za watalii kwenda ufukweni na kurudi, na abiria wengi hawakujua sauti inayowaambia wafunge mikanda ni ya nani.

Wasiojua kazi hii wanafikiri leseni ikishapatikana imepatikana. Hapana. Rubani wa ndege za abiria hurudishwa kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, kila baada ya miezi sita hivi. Unafungiwa ndani ya kile chumba kinachotikisika, mkaguzi ameketi nyuma yako na vitufe vyake, na unapokuwa kwenye mbio za kuruka, ukishapita kasi ambayo huwezi tena kusimama kabla njia haijaisha, anazima injini moja. Ndege inavuta upande. Una sekunde chache za kukanyaga usukani wa miguu, kuinua pua taratibu, kutaja orodha ya hatua kwa mpangilio wake, na kuzungumza na mwenzako kwa utulivu. Ukishindwa, hurushi ndege. Na kila mwaka, au mara mbili kwa mwaka kadiri umri unavyosogea, daktari anakupima na anaweza kukunyang'anya cheti cha afya siku hiyohiyo. Mtu aliyeimba mbele ya umati wa kujaza viwanja, akikaa pale kusubiri mkaguzi amalize kuandika kwenye karatasi yake, ni mtahiniwa kama wengine wote. Dickinson alichagua kuishi hivyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyemlazimisha.

Mwezi Septemba 2008 shirika la utalii la XL lilifilisika ghafla na kuacha watalii wa Kiingereza wamekwama nchi za watu. Dickinson alikuwa miongoni mwa marubani waliorushwa kwenda kuwachukua. Yeye aliwatoa Misri. Mwaka huohuo mapema alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mwimbaji mwingine wa kiwango chake aliyelifanya: aliirusha bendi yake mwenyewe kuzunguka dunia. Ndege ilikuwa Boeing 757, nyuma viti vimetolewa ili vyombo vya muziki vipakiwe humohumo. Walianzia Mumbai mwezi Februari, wakamalizia Toronto, maonyesho 23 katika siku 45. Watu walichukulia kama kioja cha matangazo. Ukitazama hesabu utaona akili yake: miji kama Bogotá na San José ya Costa Rica ilikuwa ghali mno kuifikia kwa njia ya kawaida, ambako vyombo husafiri peke yake na watu peke yao. Ndege moja inayobeba kila kitu iliwawezesha kuwafikia mashabiki waliokuwa wamesubiri miaka. Mwaka 2016 wakarudia kwa Boeing 747, na ili airushe ilibidi asomee aina hiyo ya ndege upya. Safari hiyo walifika hadi Cape Town na Johannesburg. Mwezi Machi, wakiwa Santiago, Chile, ndege ilikuwa inakokotwa na gari la uwanjani kwenda kujazwa mafuta, pini ikachomoka, ndege ikagongana na gari hilo. Injini mbili ziliharibika vibaya na wafanyakazi wawili wa uwanja wakaumia. Ziara iliendelea kwa ndege nyingine hadi injini zikabadilishwa.

Biashara zake nitazipitia haraka, maana sioni mengi humo. Bia ilizinduliwa mwaka 2013 kwa ushirikiano na kiwanda cha Robinsons cha Stockport, na nasikia ni nzuri. Inauzika kwa jina la bendi na wala haijifichi. Karakana ya ndege aliyoianzisha St Athan, Wales, mwaka 2012 baada ya Astraeus kufa ni habari nyingine. Hapo alijaribu kuokoa ajira za mafundi anaowajua, na namheshimu kwa hilo, ijapokuwa biashara ya matengenezo ya ndege haina huruma na mtu yeyote.

Ningependa wanaosema mambo yake mengi yalimpunguzia muziki wasikilize wimbo wa mwisho kwenye albamu ya Maiden ya mwaka 2015. Una dakika 18, ndio mrefu kuliko nyimbo zote za bendi hiyo, na ameutunga peke yake akianzia kwenye piano. Unahusu R101, meli ya anga ya Waingereza iliyoelea kwa gesi, iliyoanguka Ufaransa karibu na Beauvais tarehe 5 Oktoba 1930 na kuua watu 48 kati ya 54. Mtu asiyejua anga angeandika kuhusu moto na vilio. Dickinson anaandika kuhusu uzito, mvua, gesi inayovuja, na kiburi cha wakubwa waliotaka safari ifanyike siku iliyopangwa hata kama chombo hakijawa tayari. Hiyo ni jicho la rubani, na la mtu aliyesoma historia. Isingewezekana kutungwa na mwimbaji aliyekaa miaka yote kati ya hoteli na jukwaa.

Alipoimba wimbo ule alikuwa na saratani na hakujua. Uvimbe mmoja ulikuwa nyuma ya ulimi, mwingine kwenye tezi ya shingo. Aligunduliwa mwishoni mwa 2014, baada ya kumaliza kurekodi. Akapigwa mionzi mara 33 na kupewa tibakemikali kwa wiki tisa. Kwa mwimbaji, mionzi ya koo ni adhabu ya pekee: inakausha mate, inaunguza utando, inabadilisha umbo la mahali ambapo irabu zinaundwa. Mei 2015 madaktari walisema saratani imeondoka. Hapo angeweza kukimbilia jukwaani, na bendi ilikuwa na albamu mkononi inayosubiri ziara. Walisubiri hadi Februari 2016. Katika miezi hiyo alifanya alichozoea kufanya: akaanza upya, noti moja moja, akajifunza koo jipya linafanyaje kazi. Nina hakika kwamba ile tabia ya kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi, aliyojijengea kwenye vitara na kwenye simuleta, ndiyo iliyombeba. Mwimbaji ambaye hajawahi kuwa wa mwisho darasani tangu ana miaka 23 angepatwa na hofu.

Yapo ya kusema upande wa pili, na mashabiki wa Dickinson, mimi nikiwemo, hatuyasemi vya kutosha. Steve Harris, mpiga besi aliyeianzisha Iron Maiden mashariki ya London mwaka 1975 akiwa na miaka 19, amefanya kinyume kabisa. Karibu maisha yake yote ni bendi hiyohiyo, besi moja begani, nyimbo nyingi kuliko mwenzake yeyote. Dickinson alipoondoka, Harris alibaki na mzigo wote. Alimchukua Blaze Bayley, mwenye sauti nzito zaidi, na kumtwisha kazi ya kuimba usiku baada ya usiku nyimbo zilizotungwa kwa koo la mtu mwingine. Kumbi zikapungua ukubwa katika nchi nyingi. Bayley alitukanwa kwa miaka mitano kwa kosa la kutokuwa Dickinson. Uhuru wa Dickinson ulilipiwa, na hawa wawili ndio waliolipa sehemu kubwa ya bili. Alipotaka kurudi mwaka 1999 pamoja na mpiga gitaa Adrian Smith, bendi ya kurudia ilikuwepo kwa sababu kuna mtu hakuiacha.

Albamu mbili za enzi ya Bayley zimebezwa kuliko zinavyostahili. Katika ziara iliyoanza mwaka 2018 Maiden walirudisha nyimbo mbili za enzi hiyo jukwaani, ndefu zote mbili, na kwa Dickinson, aliyezirudia akiwa na umri wa karibu miaka 60, si nyimbo rahisi: mahali pa kuvuta pumzi palipangwa kwa mapafu ya mwingine, na sehemu za chini ziliandikwa kwa sauti isiyo yake. Aliziimba bila kuzigeuza kuwa zake. Tafuta rekodi za ziara hiyo uisikilize mmojawapo, The Clansman, unaohusu Waskoti na uhuru wao, kisha rudi kwenye ile ya Bayley ya mwaka 1998.